Kidole cha Mwisho cha Mguu wa Kushoto

Mtu akikuambia anamjua fundi viatu hodari kuliko Gundi, muulize amemtoa wapi, kwa sababu hapa mtaani hayupo. Gundi si jina alilopewa na wazazi wake. Hilo limeandikwa kwenye kitambulisho na halitumiwi na mtu ila siku ya kupiga kura. Wanamwita Gundi kwa kuwa vidole vyake vinanuka gundi hata akiwa ametoka kuoga sasa hivi, na pia kwa kuwa akishakaa kwenye kigoda chake saa moja asubuhi, kumbandua ni kazi. Ana miaka hamsini na moja, mgongo umeanza kupinda, na miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa uzi uleule anaoshonea viatu.

Kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, kwenye njia ya kwenda sokoni. Mabati matatu, meza moja, na kalibu za mbao, zenye umbo la mguu, zilizopangwa kwa saizi, kuanzia ya mtoto wa chekechea mpaka ya askari. Ndani hakuna nafasi ya mtu wa pili, kwa hiyo mteja husimama nje, mguu mmoja una kiatu, mwingine umekanyaga gazeti. Hapo ndipo Gundi hufanya mchezo wake. Anakigeuza kiatu, anaitazama soli, kisha anaanza: "Wewe unaegemea kulia. Ukiamka mgongo unakuuma." Watu hucheka, hushangaa, wengine hununa. Kuna bwana mmoja alinyang'anya kiatu chake kikiwa bado kimeachama akaondoka nacho mkononi, kisa Gundi alimwambia mbele ya mkewe kwamba soli ile inapanda ngazi nyingi kila siku, na nyumba yao haina ngazi hata moja.

Mama yake ndiye Mwalimu. Ukisema "Mwalimu" mtaani kwetu, hakuna anayeuliza yupi. Alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini na miwili, na nusu ya watu wazima unaowaona hapa walijifunza kushika penseli mbele yake. Kila Jumatatu asubuhi alikuwa akiwapanga watoto mstari, anapita na rula yake: "Nyoosha mikono!" Mwenye ukucha mrefu anarudi nyumbani, awe mtoto wa fukara au wa mkubwa wa nani sijui. Mpaka leo kuna wanaume wenye vitambi na vyeo, wakikutana naye njiani, mikono inaingia mfukoni yenyewe.

Sasa ana miaka sabini na sita. Anaishi peke yake katika vyumba viwili, mwendo wa dakika kumi kutoka kibandani kwa mwanawe, na hataki kusikia habari ya kuhamia kwa mtu. Ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa tisa huu, na vidonge anameza kwa saa kama kengele ya shule. Kwa hiyo watu wote, Gundi akiwa wa kwanza, walikuwa wamejiambia kwamba Mwalimu anajitunza. Na kweli anajitunza, kuanzia kichwani mpaka magotini.

Chini ya magoti ndiko kulikuwa na mambo. Ukucha wa mguu wa mzee si ukucha wa kijana, jamani. Unakuwa mnene, mgumu, wa manjano, na ukiachwa unajikunja unakotaka wenyewe. Kuufikia kunahitaji mgongo unaokunjika, kuuona kunahitaji macho yasiyo na ukungu, na kuukata kunahitaji mkono wenye nguvu. Mwalimu alikuwa amepungukiwa na vyote vitatu. Mkewe Gundi, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, alijaribu mara moja. "Mama, niletee miguu hiyo nikukate kucha." Mwalimu alimwangalia kana kwamba ametukanwa. "Siku nitakaposhindwa kukata kucha zangu mwenyewe," alisema, "mnizike." Mkewe Gundi alifunga mdomo, jambo ambalo si la kawaida yake, na habari ya kucha ikaishia hapo.

Kikaratasi cha kwanza kilikuja mwezi wa pili. Kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kiatu, mkononi mwa muuza mboga, jirani yake Mwalimu, ambaye hupita kibandani kila asubuhi. Kiatu cheusi cha kufunga, cha ngozi, Gundi mwenyewe alikishona. Mwandiko ulikuwa wa ubaoni, kila herufi imesimama wima: *Cha kushoto kinakataa kuingia. Panua upande wa kidole cha mwisho.*

Gundi alifurahi. Mama yake hakuwa mtu wa kuomba kitu, na sasa ameomba. Akailowesha ngozi kidogo, akaingiza kalibu, akagonga kwa nyundo taratibu, akakiacha siku mbili, akakirudisha kwa njia ileile.

Mwezi wa nne kikaja kikaratasi cha pili: *Bado. Palepale.* Gundi alifungua mshono wa pembeni, akaongeza kipande cha ngozi laini, akashona tena kwa namna ambayo hata wewe ukipewa kiatu kile ukiangalie mchana kweupe huoni kilipopasuliwa. Mwezi wa sita: *Weka kitu laini ndani.* Alipobandua soli ya ndani aliona doa, ukubwa wa kifungo cha koti, rangi ya kahawia na ukingo wa manjano. Akasema moyoni, dawa ya viatu hii, imevuja. Akaitupa ile soli ya ndani kwenye pipa, akabandika mpya yenye sponji, akaenda kula chakula cha mchana.

Sasa usije ukasema hakuwa akimtembelea mama yake. Kila Jumapili alikwenda. Alikuta chai tayari, akakaa, wakazungumza habari za wajukuu na za bei ya sabuni, na Mwalimu muda wote amekaa kwenye kiti chake amejifunika shuka kuanzia kiunoni mpaka sakafuni. "Nasikia baridi," alikuwa akisema, na Gundi alikuwa akiamini, kwa sababu wazee husikia baridi. Mara moja alisikia harufu kidogo mle chumbani, akafikiri panya amekufia darini. Akapanda juu ya stuli kumtafuta. Mwalimu alimwacha atafute.

Mwezi wa nane kikaja kikaratasi cha nne: *Toboa hapo.*

Mtu mwingine yeyote chini ya jua, awe mwashi au dereva au muuza nyanya, angeambiwa na mama yake kwamba kiatu kinakataa mguu mara nne, angesema: Mama, vua nione. Fundi viatu peke yake ndiye angesema: lete kiatu. Na ndicho alichofanya. Alitoboa tundu la mviringo, akalizungushia ngozi nyembamba, akalifunika kwa juu na kipande kingine ili lisionekane, na kazi ile ilimpendeza mwenyewe mpaka akaiweka mezani mbele ili kila anayepita aione.

Aliyepita siku hiyo alikuwa Sista. Ni muuguzi wa zahanati yetu, mwanamke mfupi, mwenye haraka, asiyependa porojo, na alikuwa ameleta viatu vyake vyeupe vya kazi vibandikwe soli.

"Sista, hebu ona kazi hii," Gundi akasema. "Hapo pana tundu. Unaliona?"

Sista hakuwa akiangalia tundu. Alikuwa amechukua ile soli ya ndani yenye sponji, iliyobanduliwa tena, imetupwa pembeni mwa meza. Akaigeuza. Akaisogeza puani.

Gundi akaangua kicheko. "Sista! Kazi gani hiyo ya kunusa viatu vya watu?"

"Kiatu cha nani hiki?"

"Cha Mama."

"Mwalimu? Si ana sukari?"

"Anayo, lakini anajitunza. Si unamjua?"

"Mguu wake umeuona lini mara ya mwisho?"

Gundi akahesabu nyuma. Mwezi huu, hapana. Mwaka huu, hapana. Alijua saizi ya mguu wa mama yake, alijua unakanyaga vipi, alijua kisigino kipi kinaisha mapema, lakini mguu wenyewe, nyama na kucha, hakukumbuka aliuona lini.

"Hii si dawa ya viatu," Sista akasema. "Huu ni usaha na damu. Funga kibanda."

"Nina viatu vya watu hapa, nimewaahidi saa nane..."

"Gundi! Funga kibanda twende."

Akafunga. Njia nzima, mtu yule aliyekuwa akisoma soli za wageni na kuwatolea siri zao barabarani alikuwa anakumbuka doa la kwanza, lile alilolitupa kwenye pipa kisha akaenda kula.

Mwalimu walimkuta kwenye kiti chake, shuka mapajani, redio inaongea peke yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mmekuja wawili saa za kazi? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuona miguu yako."

"Miguu yangu imekukosea nini?"

Sista akapiga magoti sakafuni, akafungua mkoba wake, akavaa glavu.

"Wewe mtoto," Mwalimu akasema, na sauti ilikuwa ya darasani kabisa, "mimi nimekurudisha nyumbani mara tatu kwa kucha chafu. Leo ndiyo unakuja kunikagua mimi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Kisha Mwalimu akamtazama mwanawe. "Wewe toka nje."

"Hapana, abaki," Sista akasema. "Atakayekuhudumia kila siku ni yeye. Lazima aone."

Ndipo Mwalimu akageuza uso wake ukutani. Hakusema tena toka, hakusema kaa. Alishika tu ukingo wa kiti kwa mikono miwili, na Sista akaondoa shuka.

Soksi ya kushoto ilikuwa imegandana na ngozi. Sista aliilowesha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akangoja, akaivua kidogo kidogo. Mguu ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu, unang'aa. Kucha zilikuwa ndefu na nene, zimejikunja kushoto na kulia. Ukucha wa kidole cha nne ulikuwa umepinda, ukaingia kwenye ubavu wa kidole cha mwisho, ukazama humo. Kidole chenyewe kilikuwa cheusi.

"Kinauma, Mwalimu?" Sista akauliza, akikibonyeza.

"Hakiumi. Ndiyo maana nilidhani si kitu."

"Hakiumi kwa sababu kimekufa ganzi. Sukari ndiyo inafanya hivyo. Hapo ungekanyaga hata msumari usingejua. Gundi, tafuta teksi."

Hospitalini daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyelala kidogo. Aliangalia mguu kwa muda mrefu, akauliza maswali mafupi mafupi, kisha akauliza lile ambalo Gundi alikuwa akiliogopa tangu wapande teksi.

"Nani anamwangalia miguu huyu mama?"

Mwalimu akainua kichwa kutoka kwenye mto wa kitanda. "Mwanangu huyu," akasema, na hakuwa akimsema wala kumkejeli, alikuwa anajivuna. "Ananitunza sana. Kiatu changu kikisumbua hata kidogo, siku ya tatu kimesharudi kimetengenezwa. Hachoki."

Gundi alitamani sakafu ipasuke. "Hapana, daktari," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia viatu."

Daktari akachukua kalamu ya bluu, akachora mstari kuuzunguka mguu, juu kidogo ya kifundo, pale wekundu ulipoishia. Akaeleza taratibu, kila neno mahali pake. Kidole cha mwisho hakina mjadala, kinatolewa kesho asubuhi. Mguu wenyewe unasubiriwa. Atapewa dawa kali ya mshipani kwa siku saba. Wekundu ukivuka mstari huu kwenda juu, watakata chini ya goti. Usipovuka, ukarudi chini, mguu umepona.

"Umenielewa, Mama?"

"Nimekuelewa," Mwalimu akasema, akiinama kuutazama. "Mstari wako umepinda."

Kidole kilitolewa. Mkewe Gundi alilia kwa ajili yao wote, akaleta mashuka na uji na maneno mengi. Gundi hakulia. Aliweka ubao kwenye kibanda, *Fundi ana mgonjwa*, akahamia kwenye stuli kando ya kitanda namba kumi na moja, na kazi yake ikawa mstari. Aliupima kwa kidole chake mwenyewe. Siku ya pili wekundu ulikuwa upana wa vidole viwili chini ya mstari, yaani ulikuwa umeshuka kidogo, na wote wakachangamka. Siku ya tatu ukapanda, ukabaki upana wa kidole kimoja. Siku ya nne asubuhi ulikuwa umeugusa mstari. Mwalimu aliona uso wa mwanawe, akajua.

Siku hiyohiyo ya nne Sista alipitia wodini baada ya zamu yake, amebeba beseni dogo, taulo, kikata kucha kikubwa na tupa ndogo ya kucha. "Tusikae tukiukodolea macho huo wa kushoto," akasema. "Mguu wa kulia mzima upo, na kucha zake ni zilezile. Gundi, kaa hapa. Leo unajifunza."

"Si hapa," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Wodini mbele za watu?"

"Hapahapa. Leo."

Sista akamimina maji ya uvuguvugu. "Pima. Si kwa mkono wako huo, mkono wa fundi hausikii kitu. Pima kwa kiwiko. Mama yako hawezi kukuambia kwamba yanaunguza." Gundi akachovya kiwiko. Wakauweka mguu ndani, dakika chache tu, si kuuroweka kama nguo. Kisha kukausha, na hapo Sista akamkalia kooni: kila nafasi kati ya kidole na kidole, mpaka unyevu uishe, kwa sababu humo ndimo maradhi yanapopenda kulala. Mafuta apake juu na chini ya wayo na kwenye visigino vilivyopasuka, lakini katikati ya vidole asithubutu.

Halafu kikata kucha. Gundi alikishika kama anavyoshika kisu cha ngozi, na mkono wake, uliozoea miaka thelathini kuzungusha ngozi kufuata umbo la kidole, ukaanza kuzungusha. Sista akampiga kofi mkononi.

"Si kiatu hiki! Kata moja kwa moja, usizungushe kona. Ukizungusha kona, ukucha utarudi kuota ndani ya nyama. Na kata kidogo kidogo, mnene huo, usiukate kwa mpigo mmoja. Ukibaki na ncha, tumia tupa. Usichokonoe."

Alianza upya. Kijasho kilimtoka puani. Vipande vya ukucha vilikuwa vigumu, vikaruka mpaka kitanda cha jirani, na mgonjwa wa pale, bibi mwenye plasta mguuni, akasema, "Haya, fundi, nikinyooka nami nipange foleni." Wodi ikacheka. Hata Mwalimu mdomo ulimchezacheza. Alikuwa amefumba macho tangu mwanzo, mikono imekaza shuka, lakini ilipofika kidole cha tatu mikono ikalegea.

"Nilijaribu mwenyewe," akasema, macho bado yamefumba. "Mwezi wa kwanza. Na mkasi wa jikoni. Sikuona vizuri, nikakata nyama. Sikusikia kitu, nikaona damu tu sakafuni. Nikaogopa kujaribu tena."

Gundi hakuinua kichwa. Kama angeinua angelia, na alikuwa ameshika chuma chenye makali juu ya mguu wa mama yake. Akakata cha nne, akakata cha tano. Akapitisha tupa. Sista akapitisha kidole juu ya kila ukucha kuhakikisha hakuna kinachokwaruza, akamwambia na jambo la mwisho: kila siku auangalie wayo, visigino na katikati ya vidole, na kabla mama yake hajavaa kiatu, aingize mkono ndani akipapase, kwa sababu kokoto ambayo mwingine angeitoa kwa kelele, huyu angetembea nayo mpaka jioni.

Siku ya tano wekundu ulikuwa palepale kwenye mstari. Haukuvuka, haukurudi. Ile ndiyo ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Daktari alipita, akabonyeza, akasema "tusubiri," akaondoka, na Gundi akaanza kupiga hesabu za mtu mwenye mguu mmoja: milango ya kwa mama yake ina vizingiti, choo chake ni cha kuchuchumaa, naye hatakubali kubebwa na mtu yeyote. Hata chakula alicholetewa Gundi hakukigusa. Mkewe alimwambia, "Baba watoto, kula, ukianguka wewe tutakuwa na vitanda viwili." Akala bila kujua anakula nini.

Siku ya sita wekundu ulishuka upana wa nusu kidole. Gundi alipima mara tatu, akaogopa kumwambia mtu.

Siku ya saba daktari alikuja saa nne asubuhi. Alifungua bandeji, akanusa, akabonyeza huku na huku, akatazama mstari wa bluu ambao sasa ulikuwa umefifia na umebaki peke yake kwenye ngozi ya rangi ya kawaida. Wekundu ulikuwa umerudi chini ya kifundo.

"Mguu unabaki," akasema. "Jumatatu anaweza kwenda nyumbani. Lakini mguu huu hauna nafasi ya makosa tena." Akaandika kwenye faili, akaenda kitanda namba kumi na mbili.

Gundi akalia. Hakulia machozi ya kupangusa kwa kidole. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, mpaka bibi mwenye plasta akageukia upande wa pili kumwachia nafasi. Alipomaliza kulia, hasira ikaja. Ilikuwa imekaa siku saba chini ya woga, na sasa woga umeondoka.

"Mama, kwa nini lakini? Kwa nini hukuniambia? Miezi saba! Wangekukata mguu, mama yangu, wangekukata mguu mimi niko dakika kumi kutoka kwako, Jumapili nakunywa chai kwako! Ungesema neno moja tu. Moja!"

Mwalimu alimwacha amalize. Hakukasirika. Alionekana mzee, kuliko alivyowahi kuonekana.

"Kwa mdomo nilishindwa," akasema. "Miaka yote ile nakagua watu, halafu niseme mimi siwezi kukata kucha? Nilishindwa. Lakini nilikuambia. Mara nne nilikuambia."

Gundi akavikumbuka vile vikaratasi vinne. Alikaa kwenye stuli, mikono kati ya magoti, anatazama sakafu ya wodi.

Mwalimu akajiinua kwa viwiko. Akashika shuka kwa mkono wake mwenyewe, akalivuta pembeni, wagonjwa wote wakiona, akaunyanyua mguu wa kushoto wenye vidole vinne, akauweka juu ya mapaja ya mwanawe.

"Haya," akasema. "Angalia."

Gundi akafuta miwani kwa pindo la shati, akainama, akaanza na kidole gumba.